Kitanda Kimoja, Ndoo Mbili, Maiti Moja

Watu wengi huota usiku, wakiwa wamevaa nguo za kulalia na wameshaagana na wenzao. Somoe aliota Jumamosi mchana, saa saba na nusu, akiwa amevaa sare ya shule na amekufa.

Kufa kwenyewe kulikuwa kwa kazi. Siku hiyo ilikuwa ya mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya wasichana ya bweni huko Tukuyu, na kidato cha tatu walikuwa wameandaa igizo la kuwaaga dada zao. Igizo lilimhusu mama mwenye shamba la chai, ambaye anakufa ukurasa wa kwanza, na watoto wake wanagombania shamba kuanzia ukurasa wa pili mpaka wa mwisho. Somoe ndiye aliyekuwa huyo mama. Kwa dakika arobaini alilala kwenye kitanda cha kamba katikati ya jukwaa, amefunikwa shuka nyeupe mpaka utosini, na kazi yake ilikuwa kutofanya lolote.

Nafasi hiyo mwanzoni hakupewa mtu. Ulipewa mgomba. Mwalimu Mwakibinga, anayefundisha Kiswahili na kusimamia maigizo, aliagiza ukatwe mgomba mmoja nyuma ya jiko, uviringishwe shuka na kulazwa, na kwa wiki mbili ulifanya kazi nzuri kabisa. Tatizo lilikuwa utomvu. Utomvu wa mgomba ukishashika nguo haujali sabuni wala jua, na Tukuyu jua lenyewe ni la kubahatisha. Shuka tatu za watu ziliharibika, matroni akaja juu, mgomba ukaachishwa kazi. Ndipo Mwalimu alipoangaza macho darasani akamwona msichana mtulivu kwenye dawati la nyuma, aliyehamia kutoka Mtwara muhula uleule, ambaye jioni hakuwa na la kufanya wala mtu wa kulifanya naye.

"Wewe unaweza kulala?" alimuuliza.

"Naweza, mwalimu."

"Basi."

Jina hakuuliza. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa ukumbi, upande wa waigizaji kulikuwa na majina kumi na moja, na la Somoe halikuwemo. Upande wa vifaa palikuwa pameandikwa tangu enzi za mgomba, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha: Kitanda cha kamba kimoja. Ndoo mbili. Jembe moja. Maiti moja.

Tangu hapo shule nzima ikawa inamwita Maiti. Hawakumwita kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu akikutukana unaweza kukasirika, lakini mtu akikuambia kwa upole, "Maiti, hebu nisogezee hiyo ndoo," utafanya nini zaidi ya kuisogeza? Aliisogeza. Alikula peke yake, alifua peke yake, na asubuhi alitangulia bombani kabla ya wenzake ili asisimame kwenye foleni katikati ya watu wanaoongea kupita juu ya kichwa chake. Alikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu.

Baba yake, dereva wa ofisi moja ya serikali aliyehamishiwa Mbeya, alikuwa amemwahidi jambo. Jumapili, siku moja baada ya mahafali, angekuja kuchukua jibu: binti anabaki Tukuyu, au anarudi kwa bibi yake Mtwara. Jibu Somoe alikuwa nalo. Tranka lake lilikuwa limeshapangwa na kufungwa kufuli tangu Alhamisi, likasukumwa chini ya kitanda na kufunikwa blanketi. Hilo nalo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Kitu kimoja tu shuleni hapo kilikuwa chake, na kilikuwa cha siri. Kwa kuwa kila jioni alisikiliza igizo zima akiwa amelala, alikuwa ameyashika maneno ya watu wote. Na Tusekile, aliyeigiza binti mkubwa wa marehemu, mwigizaji ambaye kilio chake kiliwatoa wapishi jikoni na miko mkononi, Tusekile ambaye mama yake na shangazi zake walijisifu kanisani kwamba hasahau, alikuwa akisahau. Alisahau mahali palepale kila siku. Alikuja mbio, akajitupa juu ya marehemu na kusema, "Mama, umetuachia milango, hukutuachia..." na neno likamkimbia. Hapo marehemu, chini ya shuka, bila kutikisa mdomo, alinong'ona, "Funguo." Tusekile alimalizia, watu wakapiga makofi, na mazoezi yalipokwisha alipita karibu na Somoe akitazama ukutani. Hawakuwahi kuzungumza hata siku moja.

Basi, Jumamosi hiyo mazoezi ya mwisho yaliisha saa sita na nusu. Mwalimu Mwakibinga akapuliza filimbi yake na kutangaza: "Vifaa vyote vibaki vilipo. Sitaki kifaa kiguswe mpaka saa tisa. Waigizaji mkale."

Waigizaji wakaenda kula. Somoe, chini ya shuka, aliifikiria ile karatasi ya mlangoni. Kisha akabaki alipo. Msimcheke, wengine tumeumbwa hivyo, tukiambiwa jambo tunalifuata kama lilivyosemwa. Alisikia viatu vikiisha, mlango ukibamizwa, mvua ikianza juu ya bati. Hakuna aliyerudi kumwita. Usingizi ukamchukua.

Akaota kwamba amelala palepale, na shuka ni ileile, ila kuna mtu anamgonga begani.

"Samahani," sauti inasema. "Umelala kwangu."

Somoe anafunua shuka. Kando ya kitanda umesimama mgomba, umekatwa juu na chini, umejifunga shuka yenye madoa na kamba kiunoni. Uso haukuwa nao, lakini umri ulikuwa nao, kwa hiyo Somoe akauamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nimerudi kazini," mgomba ukasema.

Somoe akaueleza kwamba kazi hiyo ameshapewa yeye, na ataigiza leo saa tisa. Mgomba ulisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ukidondosha utomvu sakafuni tone moja moja.

"Nimekusikia," ukasema. "Lakini karatasi inasema maiti moja. Haikusema nani. Wewe una mahali popote palipoandikwa jina lako?"

Somoe akakumbuka ukosi wa shati lake, ambapo bibi yake alimtarizia jina kwa uzi wa buluu siku ya kuondoka Mtwara. Anaukunjua. Uzi ni uleule wa buluu, mkono ni uleule wa bibi, na pametariziwa vizuri sana: MAITI MOJA.

"Nilidhani hivyo," mgomba ukasema kwa huruma.

Ikaingia filimbi. Iliingia peke yake, imening'inia kwenye kamba yake bila shingo ya mtu, ikasimama hewani kwenye kimo cha Mwalimu Mwakibinga.

"Mwalimu yuko kwenye kikao," filimbi ikasema. "Mimi ninakaimu. Kuna mzozo gani?"

Wakaieleza. Filimbi ikafikiri kidogo, na ilipofikiri, punje iliyomo ndani ikasikika ikizunguka.

"Ni jambo jepesi," ikasema. "Igizo ni la msiba, na maiti ni yule anayeliliwa. Waombolezaji wote watapita mbele. Kila mmoja aseme jambo moja la kweli analolijua kuhusu huyu binti. Likipatikana hata moja, atabaki kitandani. Lisipopatikana, mgomba unarudi, na yeye anaingia stoo na vifaa vingine mpaka mahafali ya mwakani."

"Stoo kuna giza?" Somoe aliuliza.

"Kuna majembe," filimbi ikajibu. "Na usisahau kanuni. Hadhira haipewi mgongo."

Ndipo Somoe alipoona kwamba hadhira imeshafika. Viti vimejaa wazazi waliovaa vitenge, na mbele kabisa amekaa mgeni rasmi na chupa yake ya maji. Wote wanamtazama. Somoe anashuka jukwaani kinyumenyume ili asiwape mgongo. Hatua ya kwanza anakanyaga mbao, ya pili mbao, ya tatu sakafu ya bweni.

Hadhira imo bwenini pia. Wazazi wamekaa juu ya vitanda, walio kwenye vya juu wakining'iniza miguu, na mgeni rasmi amekaa kwenye kitanda cha Somoe, juu ya shuka alizozitandika asubuhi.

"Huyu ni nani?" mgeni rasmi anamuuliza mama aliye karibu naye.

"Ni kifaa," mama anajibu.

Mgeni rasmi anatikisa kichwa na kuandika.

Chini ya kitanda tranka likakohoa. "Tunaondoka?" likauliza kwa sauti ya kusikika bweni zima. "Mimi niko tayari tangu Alhamisi."

"Nyamaza," Somoe alinong'ona. "Watu wanasikia."

"Wasikie. Umenifungia soksi mbichi. Zinaota ukungu humu ndani, na mimi nimefungwa kufuli, sina pa kupumulia. Kama tunakwenda Mtwara, twende. Kama hatuendi, nifungue."

Bweni zima likageuka kutazama tranka. Somoe alitamani sakafu imfunike, na sakafu, ambayo ilikuwa na adabu, ikamwomba radhi kwamba haiwezi.

Waombolezaji walikuwa wameshajipanga mstari, wamejifunga kanga viunoni. Filimbi ikalia. Akapita mbele Jirani wa Kwanza.

"Marehemu alikuwa mkarimu," akasema.

"Umeyaona wapi?" filimbi ikauliza.

"Ukurasa wa tatu."

"Huyo ni wa kwenye igizo. Halihesabiki. Mwingine."

Akaja Mke wa Kaka, amebeba mtoto wa matambara. "Anatoka Mtwara," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwalimu wa darasa alisoma kwenye rejista."

"Basi inayojua ni rejista. Mwingine."

Akaja Kaka Mkubwa, amechorwa sharubu za mkaa. "Yuko kimya," akasema.

"Umewahi kumsemesha?"

"Hapana."

"Basi aliye kimya ni wewe. Mwingine."

Wakapita, wakapita. Mmoja alisema ana baridi, filimbi ikasema wote wana baridi, hadhira ikapiga makofi kukubali. Katikati ya mstari ndoo moja ikajitokeza bila kuitwa, ikiwa nusu ya maji.

"Mimi namjua huyu," ndoo ikasema. "Kila asubuhi tukiwa bombani ananisalimia. Ananiambia habari za bibi yake, jinsi anavyokaanga korosho na kumwekea zilizoungua kidogo kwa sababu ndizo anazozipenda. Na akimaliza kusimulia ananishukuru kwa kusikiliza."

"Kifaa hakitolei kifaa kingine ushahidi," filimbi ikasema.

Ndoo ikarudi kwenye mstari ikimwagika pembeni.

"Na wewe," filimbi ikamgeukia Somoe. "Hawa wenzako unawajua?"

Somoe akawatazama. Alitaka kuwataja, akaanza na aliye karibu. Kinywa kikasema, "Jirani wa Kwanza." Akajaribu anayefuata, kinywa kikasema, "Mke wa Kaka." Aibu ikampata hata humo ndotoni. Wiki nyingi amewasikiliza jioni zote, anajua nani anakohoa kabla ya kuongea na nani anameza mate, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja anaitwaje. Alikuwa akingoja waanze wao. Lilimjia jina moja tu.

"Tusekile," alisema.

Wa kumi na moja kwenye mstari akashtuka.

"Binti mkubwa," filimbi ikaita. "Njoo. Una neno?"

Tusekile akasogea mbele. Kwenye vitanda vya mstari wa kwanza walikuwa wamekaa mama yake na shangazi zake wanne, wamevaa kitenge cha sare, wanatabasamu wote kwa pamoja. Tusekile aliwatazama. Akamtazama Somoe. Akatazama dari.

"Sina," akasema.

Wale wengine kumi hawakumuumiza Somoe. Huyu alimuumiza, kwa sababu huyu alimtegemea. Filimbi ikalia mara tatu.

Mlango wa bweni ukafunguliwa, na nje yake kulikuwa na shamba la migomba la nyuma ya jiko, na katikati ya shamba ilikuwepo stoo. Somoe anatembea kinyumenyume kuiendea. Hadhira imekaa katikati ya migomba, imefungua miavuli, na mvua inanyesha juu ya kila mtu isipokuwa yeye. "Mvua haimo kwenye orodha ya vifaa," filimbi inaeleza. Migomba ya shambani inampongeza mwenzao kwa kurudi kazini. Mgomba mkongwe unaitikia kwa kichwa, na kichwa chenyewe hauna, ila ilieleweka.

"Usiniwekee kinyongo, mjukuu wangu," ukamwambia Somoe walipofika mlangoni. "Na wala usidhani ni raha. Mimi walinililia wiki mbili nzima, walinililia vizuri, walinitaja mama na mpenzi na nguzo ya nyumba. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa mgomba wa namna gani."

"Ulikuwa wa namna gani?" Somoe aliuliza.

Tone moja la utomvu likadondoka, likafuatwa na la pili.

"Mzuzu," ukasema. "Nilikuwa mzuzu, wa zile ndizi ndefu za kukaanga. Ahsante kwa kuuliza."

Kisha Somoe akafungiwa.

Stoo haikuwa na giza sana. Kulikuwa na majembe, kama alivyoambiwa, na bunduki ya mbao iliyotumika kwenye igizo la mwaka uliopita.

"Mgeni?" bunduki ikauliza.

"Mgeni."

"Karibu. Hapa tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Kuitwa," bunduki ikasema. "Mimi ninaitwa Bunduki Moja. Wewe?"

Somoe alifungua mdomo, akaona aibu, akaufunga. Akakaa kati ya majembe mawili. Majembe yakasogea kumpa nafasi, na wema huo ukamliza. Alilia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kulia mahali ambapo wengine wamelala. Alimkumbuka bibi yake, akakumbuka jinsi jua la kwao linavyokausha soksi kwa saa moja. Akasema moyoni, kesho baba akija, naondoka, na hapa hakuna atakayejua kwamba nimeondoka, watakata mgomba mwingine.

Kupitia ukuta wa mbao akasikia igizo limeanza. Anasikia jirani akibisha hodi. Anasikia kaka akidai hati ya shamba. Anayajua maneno yote, anayafuata kimoyomoyo, na hapo juu ya kitanda chake umelala mgomba, chini ya shuka yake. Anasikia miguu ya Tusekile ikija mbio. Anasikia kitanda cha kamba kikilia.

"Mama," Tusekile anasema, "umetuachia milango, hukutuachia..."

Anarudia.

"Hukutuachia..."

"Samahani, binti," mgomba ukasikika ukinong'ona. "Mimi hilo sikupewa."

Kimya kikarefuka. Mgeni rasmi akafunga kizibo cha chupa yake, na kizibo kikasikika. Shangazi wanne wakaacha kutabasamu, mmoja baada ya mwingine. Mvua yenyewe ikapunguza sauti ili isikie.

Somoe angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, sidanganyi. Mtu ameulizwa mbele ya watu wote kama anakujua akasema hana neno, sasa unamsaidia nini? Lakini Somoe alimjua Tusekile kwa uzito wake na kwa joto la machozi yake kwenye kifundo cha mkono, na alijua jinsi moyo wake unavyokwenda mbio anapofika kwenye neno lile. Akasimama. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, na bila kutikisa midomo akanong'ona, "Funguo."

Jukwaani, kutoka hewani, ufunguo ukadondoka kwenye kiganja cha Tusekile.

Tusekile anautazama. Maneno yanayofuata anayajua, anaweza kuyamalizia na kupigiwa makofi kama siku zote. Badala yake anasimama, anageuka, na anaipa hadhira mgongo.

Hadhira ikaguna yote kwa pamoja. Filimbi ikalia kwa nguvu mpaka punje yake ikaruka nje na kupotea kwenye majani. Tusekile anatembea, mgongo wake umewaelekea mama yake na shangazi wanne na mgeni rasmi, mpaka kwenye mlango wa stoo. Kufuli linafunguka.

"Toka," akasema.

"Siwezi," Somoe akajibu. "Mimi ni kifaa."

"Wewe ni Somoe," Tusekile akasema. "Somoe Nampoto, kidato cha tatu B." Kisha akapaza sauti kama anavyopaza jukwaani, bila kugeuka. "Mimi nasahau! Kila siku nasahau palepale, na kila siku huyu ananipa neno. Jina lake nalijua tangu wiki ya kwanza. Nililisoma kwenye ukosi wa shati lake nikiwa nimemlalia. Sikulitaja kwa sababu ningelitaja mngeniuliza tumejuana vipi, na mimi nilitaka muendelee kunisifu."

Miavuli yote ikageuka kumtazama.

"Je, hilo ni jambo moja la kweli?" akauliza mgeni rasmi.

Filimbi ilijaribu kujibu, lakini bila punje iliweza kutoa pumzi tu.

"Ni zaidi ya moja," mgomba ukasema kutoka kitandani. "Mimi natosheka. Nisaidieni kuinuka."

Somoe alikunjua ukosi wake. Uzi wa buluu ulikuwa umerudi kwenye herufi zake.

Mgomba uliomba jambo moja tu, urudishwe kwenye shina lake, ambapo kulikuwa na chipukizi. "Ni mwanangu," ukasema. "Sijawahi kukaa naye." Wakaubeba, Somoe kichwani, Tusekile miguuni. Ulikuwa mzito, na utomvu ukawachuruzika viganjani mpaka kwenye viwiko. Ni hapo Somoe alipogundua kwamba anatembea akielekea mbele. Wakaulaza taratibu nyuma ya jiko, na chipukizi likauinamia mzazi wake kama mtoto anayetaka kunong'onezwa jambo.

Somoe akajifuta kwenye jani. Utomvu haukutoka.

"Hautoki huo," Tusekile akasema. "Tutakaa nao."

Wakasimama pale, mvua ikawanyeshea wote wawili.

"Somoe," Tusekile akasema.

"Eeh."

"Somoe."

"Si nimeitika?"

"Somoe, amka bwana."

Shuka iliondolewa usoni. Bati lilikuwa likipigwa na mvua, ukumbi ulikuwa mtupu, saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Tusekile alikuwa amesimama kando ya kitanda cha kamba, ameshika sahani iliyofunikwa sahani nyingine.

"Wamekusahau," alisema. "Pilau lilikuwa linaisha. Nimekuwekea."

Somoe aliketi. Kwa wiki kumi na moja hakuna mtu aliyekuwa amemwita jina lake katika shule ile, na sasa alikuwa ameitwa mara tatu mfululizo, akahofia kwamba akijibu vibaya halitaitwa tena.

"Ahsante," alisema.

Alipopokea sahani, vidole vyake vilikwama kidogo kwenye vya Tusekile, halafu vikaachana. Viganja vya Tusekile vilikuwa na madoa meusi yanayonata.

"Umeshika nini?"

"Utomvu," Tusekile alijibu. "Tumepamba lango kwa migomba." Alivitazama viganja vyake kwa muda, akavifuta kwenye sketi, na havikufutika. "Kula, linapoa."

Somoe akala. Tusekile akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, na hakuondoka. Kulikuwa na kipande cha nyama kikubwa kuliko haki ya mtu mmoja, na Somoe alijua kimetoka sahani gani.

"Leo nikisahau," Tusekile alisema baadaye, akitazama viti vitupu, "usininong'oneze sana. Sema tu. Wakisikia, wasikie."

"Sawa."

Tusekile akainuka. Alifika mlangoni, akasimama mbele ya ile karatasi ya waigizaji na vifaa, akaisoma kama mtu anayeisoma mara ya kwanza. Akatoa kalamu kwenye soksi, akaandika kitu upande wa majina, akaichomeka tena.

"Halafu, Somoe," alisema bila kugeuka, "lile tranka ukalifungue leoleo. Hapa Tukuyu ukifungia soksi mbichi zinaota ukungu."

Akatoka kwenye mvua. Somoe alibaki na kijiko hewani. Habari za tranka hakuwa amemwambia mtu yeyote aliye macho.